Kivuli cha Pembe Nne

Ukifika Kindu na kuuliza habari za Salama binti Ramazani, hutaambiwa kwanza kwamba alikuwa mpiga picha hodari, wala kwamba harusi nyingi za mtaa wa Kasuku zilipita mbele ya jicho lake. Utaambiwa: ni yule mwanamke aliyekataa eda. Ndivyo tulivyo sisi watu. Mtu afanye kazi yake vizuri umri mzima, sisi tutamkumbuka kwa siku ile moja aliyobisha. Haya, tuanze na hiyo eda basi, lakini tuisimulie kwa haki.

Salama alizaliwa katika nyumba ya Waislamu wa mjini, watu wa kuuza vitambaa na kusoma Kurani alfajiri, na akaolewa na Mbaraka, mpiga picha, mrefu wa kuinama kila mlango. Studio yao ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba, karibu na soko, na ukutani palining'inia pazia lililochorwa ngazi za ndege. Watu ambao hawakuwahi hata kupanda treni walisimama pale wakapigwa picha wakishuka kutoka Ulaya. Mbaraka hakuwacheka. Aliwanyoosha kola, akawaambia wasikunje uso, kwa sababu msafiri wa kweli hurudi na furaha.

Alimfundisha mkewe kazi kwa sababu ya harusi. Upande wa wanawake, mwanamume hakuingia, na bibi harusi alitaka picha na shangazi zake. Kwa hiyo Salama akajifunza kupima mwanga, kuzuia pumzi wakati wa kubonyeza, na kutafuta kasoro. Picha ikiharibika, Mbaraka alimwambia asilaumu kila kitu kwa pamoja. Toa kitu kimoja, piga. Toa kingine, piga. Kitakachokufa pamoja na kasoro ndicho kilichoileta.

Mwenyewe alikuwa na kasoro moja, na aliipenda. Alipenda kupiga picha za nje jua likiwa mgongoni, na mara nyingi kivuli chake kirefu kiliangukia ndani ya picha. Wateja walilalamika: huyu aliyelala miguuni petu ni nani? Yeye alikuwa na jibu moja, nalo likawa mzaha wa nyumba nzima.

"Mupiga picha haonekane mu picha yake," alisema. "Siku moja ukiona kivuli, ujue njo mimi, niko pale."

Kisha vita vikaja. Treni ikanyamaza, barabara zikafungwa, na chumvi ikaanza kufika mjini kwa baiskeli, ikisukumwa na wanaume kupitia msituni kutoka upande wa Lubutu. Ajabu ya vita ni kwamba picha zilitakiwa zaidi kuliko wakati wa amani. Aliyekimbia alitaka kuacha sura yake, na aliyebaki alitaka sura ya anayekimbia. Filamu zilikwisha haraka, na dawa za kuzisafishia zikapatikana kwa mzee mmoja tu, Donatien, mpiga picha Mkristo wa upande wa pili wa soko, aliyezificha chini ya kitanda.

Mbaraka alikuwa na kamera mbili. Moja ilikuwa na lenzi ndefu, ya kuvuta sura za mbali. Nyingine ilikuwa na lenzi fupi, ya kuona mapana, ile ya familia kubwa. Aliamua kufuatana na watu wa baiskeli hadi Lubutu, kisha Kisangani, auze kamera ya lenzi ndefu na kununua filamu. Salama hakupenda. Alisema hivyo mara nyingi, kisha akanyamaza, kwa sababu chungu kitupu nacho kilikuwa na maoni yake.

Asubuhi ya safari, Mbaraka alikaa kizingitini na kamera zote mbili mapajani. Lenzi ndefu ilikuwa na kofia yake, bomba jeusi la chuma linalofungwa mbele ili jua lisiingie kioo kwa ubavu. Lenzi fupi haikuwa na kofia, ila kioo chembamba cha kinga. Na binti yao Hadidja, mtoto wa kutambaa kila mahali, alikuwa na vidole vyenye mafuta ya mawese na mapenzi makubwa kwa kitu chochote kinachong'aa. Mbaraka akaifungua kofia kutoka lenzi ndefu, akaijaribu juu ya kile kioo cha lenzi fupi, ikaingia sawasawa. Akaikaza kwa kitambaa mpaka ikagoma.

"Mama Hadidja, usitoe hii kofia mpaka nirudi. Inalinda jicho."

Ndilo neno lake la mwisho la maana. Mengine yalikuwa ya muhogo wa njiani.

Watu wa baiskeli walirudi wachache. Kitenge, mmoja wao, alirudi na miguu iliyovimba, akaeleza kwamba kabla ya kufika Lubutu risasi zililia mbele yao na kila mtu akaingia msituni kwa njia yake. Baadaye aliiona baiskeli ya Mbaraka imelala kando ya njia. Mwenyewe hakumwona, wala mzima wala maiti. Salama alimpa maji ya kuoshea miguu, akamshukuru, akarudi ndani kupika. Majirani waliokuja na sura za msiba waliwakuta mama na mtoto wanakula, wakaaga upesi.

Zilibaki filamu chache. Familia moja iliyokuwa inakimbilia Lokandu ilikuja kutaka picha ya wote, wakapangwa uani, jua kali la saa sita. Salama alitazama katika kijidirisha cha kamera, akawaona wote vizuri, mpaka shangazi wa pembeni kabisa, akabonyeza. Donatien akaisafisha filamu na kutoa picha. Pembe zote nne zilikuwa nyeusi, giza limezunguka familia kama vile mtu amewachungulia kupitia bomba. Yule shangazi wa pembeni alikuwa amebaki na sikio na nusu ya kilemba.

Salama aliishika picha ile muda mrefu. Kamera ile aliijua. Kabla ya Mbaraka kuondoka haikuwahi kufanya hivi. Mwisho akasema kwa sauti ndogo, na Donatien alimsikia:

"Njo yeye."

Tusimcheke. Wewe uliyelala na mumeo jana usiku usimcheke. Aliambiwa akiona kivuli ajue ndiye Mbaraka, naye alikiona. Tena alikuwa na hoja, maana Salama hakuwa mjinga. Maiti, alisema, hulazwa chini, na aliyelala ardhini hana kivuli. Mwenye kivuli amesimama mahali fulani, na jua linampiga. Akachunguza zaidi, akaona kwamba picha za ndani ya chumba, ambako alilazimika kufungua tundu la lenzi kwa upana, zilikuwa na giza hafifu tu, la ukungu. Lakini za nje, jua likiwa kali na tundu limefungwa likawa dogo, pembe zilikatika nyeusi kabisa. Basi akaelewa, au alidhani ameelewa: Mbaraka yuko nje, anatembea, jua likiwaka, yeye huonekana zaidi.

Donatien hakuipenda elimu hiyo. Alikuwa fundi, na fundi kasoro humnyima usingizi. Kwanza alilaumu filamu, akasema joto limeiharibu, lakini iliyokuwa mpya, iliyofika kwa baiskeli kama chumvi, ikaleta giza lile lile. Akabadilisha dawa. Akaisogeza taa ya mashine yake ya kutolea picha, akidhani imekaa upande. Mwisho aliinua filamu yenyewe dirishani, akaona kwamba pale ambapo picha ilikuwa nyeusi, filamu ilikuwa wazi, nyeupe kama maji.

"Mama Hadidja," alimwambia, "hii giza haitoki kwangu. Mwanga njo haukufika mu filamu."

Akaiomba kamera. Aliifungua nyuma, akapuliza vumbi, akakagua pazia lake dogo la kukata mwanga. Akatazama katika kijidirisha akaona kweupe mpaka kingoni, maana kijidirisha kile huonyesha kidogo kuliko kinachoingia kwenye filamu, tena wakati wa kutazama tundu huwa wazi lote. Basi akaigeuza kamera mbele, akaweka vidole kwenye kofia ili aifungue. Salama akamnyang'anya. Alimwambia hiyo isiguswe, baba Hadidja amekataza. Donatien alimtazama, akaona macho yake, akaomba radhi. Alikuwa mtu wa heshima, na heshima yake siku hiyo iligharimu watu wengi.

Mtaa nao ukajifunza kuishi na kivuli. Kwa kuwa waliosimama pembeni walimezwa, kila familia iliyokuja kwa Salama iligombea katikati. Wazee walibebana mabegani, mawifi waliokuwa hawasemezani walikumbatiana, bibi mnene alikalia goti la mkwewe. Ukiona picha ya miaka ile ambayo watu wamebanana hivyo, hata waliochukiana, jua ni ya Salama. Wengine walisema anayekaa pembeni atachukuliwa na vita.  Kila filamu iliporudi kutoka kwa Donatien, Salama aliangalia pembe kwanza, watu baadaye.

Amani ikaja kidogo kidogo, kama inavyokuja kwetu, mguu mmoja ndani na mmoja nje. Waliopotea wengine walirudi, na wengine habari zao zilirudi. Ya Mbaraka haikurudi. Ndipo Ali, mdogo wake Mbaraka, alipokuja na shehe wa wakati ule na mama yao mzee, aliyeshikwa mkono. Walisema umefika wakati wa kusoma hitima, na Salama akae eda, kisha maisha yaendelee. Ali alizungumza kwa upole. Alimkumbusha shemeji yake kwamba kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Wao wote walikuwa mlangoni, wakimngoja yeye aanze.

Salama aliingia chumbani, akatoka na picha, akawawekea mkekani. Akaonyesha pembe kwa kidole.

"Maiti iko na kivuli?" aliuliza.

Shehe aliitazama picha, akairudisha mkekani. Vitabu vyake havikuwa na mlango wa kamera. Yule bibi mzee aliichukua, akaipapasa pembe ile nyeusi kwa kidole gumba, akauliza kama kweli ni mwanawe. Salama akamwambia ndiyo. Bibi akaibusu, akaificha chini ya kitenge chake, na kuanzia siku ile naye akakataza mtu yeyote kulia. Alikufa miaka michache baadaye akiwa bado anamwekea Mbaraka chakula. Hakuwahi kumlilia mtoto wake hata siku moja, kwa sababu mkwewe alimwambia yuko.

Wachumba walikuja, wakaondoka. Waliopenda kumtania walimwita mke wa kivuli. Salama alicheka nao, alfajiri akaswali, akamwombea mumewe safari njema ya kurudi, dua ya msafiri na si ya marehemu.

Kisha filamu zenyewe zikafa duniani. Donatien akafa pia, Mungu amrehemu, na kamera ya lenzi fupi ikafungwa kwenye kitambaa na kuwekwa sandukuni. Hadidja, aliyekuwa mkubwa sasa, mwenye mume na watoto, akashika kazi ya wazazi kwa kamera ya kisasa inayoonyesha picha hapo hapo. Picha zake zilikuwa safi mpaka kingoni. Watu walisifu. Salama alizitazama moja moja, pembe kwanza, akizirudisha, na katika miaka hiyo ndipo alipozeeka.

Mwaka jana Hadidja alikuwa anarudi kutoka ng'ambo ya mto Lualaba, upande wa Alunguli. Akishuka kwenye mtumbwi aliteleza, lenzi yake ikagonga ubao na kioo kikapasuka. Harusi ya binti mmoja, Aïcha, ilikuwa imekaribia, yenye ukoo mkubwa. Akakumbuka lenzi fupi ya baba. Alipata pete ya chuma kutoka kwa mfanyabiashara wa Goma, ile inayounganisha lenzi za zamani na kamera mpya, akaipachika, akatoka uani. Mama yake alikuwa anachambua mchele juani. Akampiga picha.

Ilipotokea kwenye kioo cha kamera, Hadidja aliisogeza karibu na macho. Salama akaomba aone. Pembe zote nne zilikuwa nyeusi, na yeye katikati na ungo wake.

Ungo ulimwangukia miguuni. Alicheka, akalia, akamshika bintiye mashavu. Alisema Mbaraka amerudi. Alisema alijua tu, ni filamu iliyokuwa imekufa na si yeye. Kabla ya adhuhuri alikuwa amewaambia majirani, na Mamy, mama wa nyumba ya pili, alipika maandazi kwa furaha ya kumwona rafiki yake anacheka.

Hadidja hakula. Aliwahi, wakati wa kujifunza, kufunga vioo viwili vya kinga kimoja juu ya kingine, na pembe zake zikaingia giza. Alijua anachokiona. Angeweza kuifungua kofia kimyakimya, apige harusi, airudishe. Salama alimwona anavyozunguka uani na lenzi mkononi, anaitazama, anaiweka chini, anaichukua tena, akamwuliza kinachomsumbua.

"Mama," Hadidja alisema, "wewe njo ulinifundisha. Picha ikiwa na kasoro, tunatoa kitu kimoja, tunapiga. Kila kitu tulishatoa mu hii kamera. Filamu hakuna tena. Dawa hakuna. Mashine ya baba Donatien hakuna. Kamera yenyewe ni ingine. Kivuli kiko. Kunabakia kitu kimoja tu."

Salama hakukasirika. Hilo ndilo lililomtisha binti yake. Alinyoosha mkono akapewa lenzi, imetolewa kwenye kamera. Akaizungusha pete ya lenzi mpaka tundu likawa dogo, akaiinua angani, akatazama kwa nyuma yake kama mumewe alivyomfundisha kukagua kioo. Katikati, doa la mwanga lilikuwa duara zuri. Akaiinamisha polepole kuelekea pembeni, na ukingo mweusi wa kofia ukaingia, ukalimeza doa lote. Akaigeuza upande wa pili. Ukalimeza tena. Mahali ambapo jicho hili lilitaka kuona mapana, bomba la lenzi ndefu lilisimama mbele yake. Yeye mwenyewe aliyefundisha wengine kutafuta kasoro alikuwa ameiacha hii moja bila kuigusa, kwa sababu ya neno la mtu anayempenda.

Akaomba kitambaa. Kofia ilikuwa imeshikwa na kutu, na Hadidja akataka kusaidia, mama akakataa. Alitumia nguvu mpaka mishipa ya mikono ikasimama. Ilipoachia ilitoa mlio mdogo, na kile kioo cha kinga kikatoka pamoja nayo. Kukaza kule ndiko kulikokuwa kitu cha mwisho ambacho mikono ya Mbaraka ilikifanya katika nyumba ile, na sasa kulikuwa kumefunguka. Akairudisha lenzi kwenye kamera, akaielekeza kwenye ukuta wa ua, uliopakwa chokaa, jua limeupiga wote. Akazuia pumzi. Akabonyeza.

Ukuta ulikuwa mweupe mpaka pembe zote nne.

"Hakuna muntu," alisema Salama.

Walikaa chini pale pale, mama na binti. Salama alianza kuzungumza polepole, na hakuzungumza juu ya mumewe kwanza. Alizungumza juu ya mama mkwe. Alisema yule bibi alikufa na kilio chake kimemkaa kooni, kwa sababu yeye, Salama, alimwonyesha kivuli cha kipande cha chuma akamwambia ni mtoto wake. Hadidja alijaribu kumwambia kwamba hakujua. Salama akasema ndiyo, hakujua, lakini yule bibi hawezi kurudi alie.

Alimtuma bintiye amwite Ali. Ali alikuja kwa pikipiki, mzee sasa, pamoja na shehe wa siku hizi, kijana aliyesoma vizuri. Salama akawaambia yuko tayari, isomwe hitima, naye anaingia eda. Ali aliinamisha kichwa. Shehe alisikiliza habari yote kwa adabu, kisha akasema analotakiwa kusema mtu aliyesoma.

"Mama, eda inahesabiwa tangu siku mume alikufa. Yako ilishapita zamani. Hauna deni."

"Ilipita mu njia, shehe," Salama alijibu. "Kwangu haijaingia bado."

Shehe akafikiri, akasema basi mama akae, hakuna atakayemzuia mtu kuhuzunika. Hadidja alimtandikia mkeka katika chumba cha ndani, akamletea nguo. Wanawake wa mtaa wakaanza kuingia mmoja mmoja, wengine hawakuwa hata wamezaliwa wakati Mbaraka anaondoka, wakakaa chini bila kujua waseme nini katika msiba wa zamani namna ile. Mamy ndiye aliyesogea kwanza, akamshika mkono.

"Pole, mama, kwa kufiwa na baba Hadidja."

Salama alifungua kinywa kuitikia, na ndipo ikatoka sauti ambayo mtaa mzima ulikuwa umeingoja zaidi ya miaka ishirini. Alilia akimwita Mbaraka kwa jina, akimwuliza kwa nini ameenda, kama mtu aliyepata habari asubuhi ile.